Taghavard: Kijiji Kilichokatwa Katikati

Wasomi wenzangu, sisi wa elimu tukipewa mada ya migogoro ya mipaka huwa tunajua pa kukimbilia. Andalio la somo linaanza na chanzo, yanafuata matukio, halafu athari, halafu suluhisho. Dakika 80 zimekwisha, kengele imelia. Mwanafunzi anaondoka na tarehe tano na majina ya mikataba miwili mitatu. Mtihani atafaulu, sina wasiwasi. Lakini muulize mpaka unamfanya nini mtu mwenye shamba, utaona anakutazama tu.

Hapa nataka kujaribu njia nyingine: tuanzie kijijini, tarehe zije baadaye. Kijiji chenyewe kinaitwa Taghavard. Kipo katika milima ya Karabakh, eneo la Kaukasi, huko kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Kwa ramani zinazotambuliwa na Umoja wa Mataifa, hapo ni Azerbaijan. Kwa watu waliokuwa wakiishi humo mpaka Septemba 2023, hapo palikuwa kwa Waarmenia, na wenyewe walipaita Artsakh. Kabla ya vita vya 2020 kijiji kilikuwa na watu zaidi ya 1,000, wengi wao wakulima. Nimekichagua kwa sababu moja tu. Vita vile vilipokwisha, mstari wa majeshi ulipita ndani ya kijiji, siyo kando yake. Sehemu ya juu ikawa upande mmoja, sehemu ya chini upande mwingine.

Tuanze na maisha, maana bila maisha huo mstari ni wino tu. Vijiji vya Karabakh vimekaa kwenye miteremko. Nyumba ni za mawe, na mforosadi ni mti wa nyumbani kama mwembe ulivyo kwetu. Forosadi huliwa mbichi, hukaushwa, na nyingine huchachushwa na kupikwa mpaka zikatoa pombe kali, mithili ya gongo. Wapo wanaoisifu kuwa ni dawa, na nadhani kila nchi ina watu wa namna hiyo. Kuna mizabibu, ikiwemo aina moja ya kienyeji ya zabibu nyeusi inayoitwa khndoghni. Kuna makomamanga, ngano, ng'ombe, nguruwe na mizinga ya nyuki. Chakula kinachowatambulisha watu wa huko kinaitwa zhingyalov hats: mkate mwembamba kama chapati, ndani yake umefungiwa majani yaliyokatwakatwa, mengi yakiwa ya kuchuma porini, aina kumi na zaidi kwa mkate mmoja. Anayeupika lazima ajue jani lipi linaota wapi na mwezi gani. Hilo neno "wapi" tuliweke pembeni kidogo, nitalirudia.

Sasa majina. Mwalimu wa Jiografia akiandika jina la mahali ubaoni, pale ameshachagua upande hata kama hakukusudia. Chukua jina Karabakh lenyewe. "Kara" ni neno la Kituruki, maana yake nyeusi. "Bagh" ni la Kiajemi, maana yake bustani, na hata neno letu bustani asili yake ni huko huko Uajemi. Mrusi akaja akaongeza "Nagorno", yaani ya milimani. Basi jina moja limebeba lugha tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni Kiarmenia, lugha ya waliokuwa wengi mle. Mji mkuu Waarmenia waliuita Stepanakert, Waazeri wanauita Khankendi. Wilaya ya Taghavard kwa Waarmenia ilikuwa Martuni, kwa Waazeri ni Khojavend. Lakini jirani kabisa na Taghavard kuna kijiji ambacho mimi nakipenda kwa kufundishia. Waarmenia wanakiita Karmir Shuka. Waazeri wanakiita Qırmızı Bazar. Ukitafsiri, wote wawili wamesema kitu kile kile: Soko Jekundu. Unaweza kukaa na darasa kipindi kizima kwenye jina hilo moja. Watu wawili wanagombana kuhusu jina, na maana yake wanakubaliana! Ina maana walishawahi kununua na kuuza pamoja pale.

Na kwa kuwa tuko kwenye ualimu, kuna mahali pengine katika wilaya ile ile pasipopaswa kupitwa. Ni monasteri ya Amaras. Mwaka 405 mtawa Mesrop Mashtots alitunga alfabeti ya Kiarmenia, ile inayotumika mpaka leo. Masimulizi ya Waarmenia yanasema kwamba Amaras ndipo alipofungua shule ya kwanza ya eneo lile kufundisha kwa alfabeti hiyo. Yaani sisi watu wa chaki, kama tungekuwa na sehemu zetu za kuhiji, Amaras ingekuwemo. Nalitaja hili kwa sababu ukisikia mtu wa Martuni anasema "hapa ni kwetu", hazungumzii shamba peke yake. Anazungumzia mahali ambapo, kwa masimulizi aliyolelewa nayo, babu zake walijifunza kuandika.

Tukifika hapa sasa tarehe zinaweza kuingia. Nitakimbia kidogo, maana nondo za sehemu hii zipo nyingi.

Mwaka 1921 ofisi ya chama cha Bolshevik ya Kaukasi iliamua Karabakh ibaki ndani ya Azerbaijan ya Kisovieti, na mwaka 1923 ikapewa hadhi ya mkoa wenye mamlaka yake ya ndani. Waarmenia walikuwa ndio wengi. Kwa miaka 60 na zaidi Moscow ilikuwa na nguvu ya kunyamazisha kila mtu, kwa hiyo mpaka ule haukumzuia mkulima kulima. Februari 1988 baraza la mkoa likaomba kuhamishiwa Armenia. Kutoka hapo mambo yakaharibika haraka: mauaji, watu kufukuzwa pande zote mbili, halafu vita kamili baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991. Vita hivyo viliua watu wapatao 30,000. Waliposimamisha mapigano Mei 1994, Waarmenia walikuwa wameshika Karabakh pamoja na wilaya saba, zima au sehemu, zinazoizunguka. Baraza la Usalama lilipitisha maazimio manne mwaka 1993 kutaka majeshi yaondoke kwenye maeneo yaliyokaliwa. Hayakuondoka. Na jamhuri waliyoitangaza Waarmenia wa Karabakh haikutambuliwa na nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa, hata Armenia yenyewe.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: sasa nani ana haki? Nashauri usikimbilie kumjibu. Mpe kwanza mambo mawili ya kwetu. Julai 1964, kule Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku nchi zinapata uhuru, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyelisukuma azimio lile. Jamhuri za Kisovieti nazo, zilipokuwa zinaachana Desemba 1991 huko Alma-Ata, zilitambuana kwa mipaka iliyokuwepo. Kwa hoja hiyo Azerbaijan inasimama imara. Lakini Aprili 1968 Tanzania hiyo hiyo, chini ya Mwalimu huyo huyo, iliitambua Biafra, kwa hoja kwamba watu wanaouawa na dola yao hawawezi kulazimishwa kubaki ndani yake. Kwa hoja hiyo Waarmenia wa Karabakh nao wanasimama. Misingi yote miwili iko kwenye vitabu vyetu, na imetoka kinywani mwa mtu mmoja. Mimi kwa maoni yangu ule wa kwanza ndio uliozuia damu nyingi zaidi Afrika. Ila nikiuangalia kutoka Taghavard, nauona unaongea kuhusu ardhi na kumsahau anayeikanyaga.

Haya, turudi kijijini. Vita vya 2020 vilianza Septemba 27 na kusimama Novemba 10, siku 44. Tazama hizo tarehe kwa jicho la mkulima. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuvuna zabibu na makomamanga. Waliokufa ni wanajeshi zaidi ya 6,000 ukijumlisha pande zote mbili, na mavuno ya watu yakabaki mashambani. Makubaliano yaliyosainiwa na Azerbaijan, Armenia na Urusi yalikuwa na vipengele tisa. Yanataja Agdam, Kelbajar na Lachin. Taghavard haimo. Yalichosema ni kwamba kila jeshi libaki pale lilipo. Na jeshi la Azerbaijan lilikuwa limefika sehemu ya juu ya Taghavard.

Basi. Sentensi moja ya kisheria, isiyokitaja kijiji, ikakigawa. Waliokuwa na nyumba juu wakawa wakimbizi wa kijiji chao wenyewe. Wapo waliohamia nyumba za sehemu ya chini, huku mapaa ya nyumba zao wakiyaona kwa macho. Mashamba na malisho yakabaki ng'ambo. Askari 1,960 wa kulinda amani kutoka Urusi waliletwa kusimama katikati ya majeshi, lakini ng'ombe hajui mlinzi wa amani ni nani, anafuata majani.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilileta habari hii kwa kidato cha tatu, na binti mmoja wa nyuma kabisa akauliza: "Sir, kwani shamba lililobaki upande wao, nani anapalilia?" Swali hilo lina thamani kuliko ukurasa mzima wa sababu na athari. Jibu ni kwamba hapalilii mtu. Hata shamba lililobaki upande wako, kama linaonekana kutoka kwenye kituo cha askari juu ya kilima, kulilima ni kubahatisha maisha. Oktoba 2021, katika wilaya ya Martakert upande wa kaskazini, mkulima Mwarmenia alipigwa risasi akafa akiwa kazini kwenye bustani ya makomamanga. Mkulima anapopata habari kama hiyo, hahitaji tangazo la serikali ili aache kwenda shambani. Ardhi inapotea hata kabla haijachukuliwa.

Naomba mtu asinisome kana kwamba nimefungua tawi la Armenia hapa kampasi. Mwalimu anayefundisha Taghavard bila kufundisha upande wa pili atakuwa anatengeneza kipeperushi. Katika wilaya hiyo hiyo kilikuwepo kijiji cha Waazeri, Garadaghly, ambako makumi ya wakazi waliuawa Februari 1992. Siku chache baadaye mamia ya raia wa Kiazeri waliuawa wakikimbia mji wa Khojaly. Aprili mwaka ule ule Waarmenia wa kijiji cha Maragha wakauawa kwa makumi. Waazeri zaidi ya 500,000 walifukuzwa kutoka kwao katika vita vile vya kwanza, na wengi waliishi miaka na miaka kwenye mabehewa ya treni, mabweni, hata madarasa ya shule. Mtoto anazaliwa darasani, anakulia darasani, na hapo hatuzungumzii elimu. Mji wa Agdam ulibaki magofu, mawe ya nyumba yakachukuliwa kujengea kwingine. Na wanaorudi sasa wanakuta mabomu yaliyotegwa ardhini. Tangu Novemba 2020 yameshawaua na kuwajeruhi watu zaidi ya 300. Aliyekanyaga bomu akilima naye ni mkulima.

Kilichofuata upande wa Waarmenia kilikuja polepole kwanza, halafu ghafla. Tarehe 12 Desemba 2022 barabara ya Lachin, njia pekee iliyowaunganisha na Armenia, ilifungwa. Gesi ilikatika mara kwa mara, na Januari shule zikafungwa kwa sababu ya baridi. Ilipofika kiangazi cha 2023 mafuta ya magari yalikuwa yamekwisha. Hebu fikiria hiyo kama mtu wa kijijini: mboga zipo bustanini, matunda yapo mtini, na mjini watu wanapanga foleni ya mkate usiku kucha, lakini hakuna dizeli ya kuvusha mzigo. Trekta limesimama, ngano imekauka shambani. Njaa ilikuwa mjini na chakula kilikuwa kijijini, kati yao zipo kilomita chache za lami. Sisi tunaosubiri boom lichelewe wiki mbili tuanze kulia, tungeelewa sehemu ndogo sana ya jambo hilo.

Septemba 19, 2023, tena msimu wa zabibu, Azerbaijan ilishambulia. Ndani ya saa 24 Waarmenia wa Karabakh wakakubali kuweka silaha chini. Kwa muda wa wiki moja hivi zaidi ya watu 100,000, karibu wote waliokuwepo, walitoka. Barabara ya kwenda Goris ambayo kwa kawaida ni safari ya saa chache iliwachukua wengine zaidi ya saa 30, magari yamebana bampa kwa bampa. Katikati ya mkanganyiko ule, Septemba 25, ghala la mafuta lililipuka karibu na Stepanakert wakati watu wakipanga foleni kupata petroli ya kukimbilia; walikufa zaidi ya 200. Serikali ya Azerbaijan ilisema hakuna aliyefukuzwa na anayetaka abaki. Waarmenia wanasema baada ya miezi tisa ya njaa na siku moja ya mabomu, hakuna anayehitaji kuambiwa neno "ondoka". Mimi hapo naungana na wao. Taghavard ya chini ikawa tupu kama ya juu.

Mtu wa mjini akihama anabeba cheti chake, kompyuta yake, fani yake. Daktari wa Stepanakert ni daktari pia Yerevan. Mkulima anabeba nini? Mzabibu hauingii kwenye buti ya gari. Ng'ombe wengi waliachiwa tu milango. Na lile neno "wapi" nililoliweka pembeni ndilo hili: ujuzi wa mkulima umefungwa kwenye mahali. Kujua mteremko upi unapata jua la asubuhi, chemchemi ipi haikauki Agosti, majani ya zhingyalov hats yanaota nyuma ya ukuta wa nani. Ukimhamishia bondeni Ararat, anabaki mtu mzima mwenye miaka 55 ya ujuzi usiotumika. Kwenye takwimu atahesabiwa kama mkimbizi mmoja, sawa na mtoto wa miezi sita.

Jamhuri ya Artsakh ilikoma rasmi Januari 1, 2024. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeshaagiza, Novemba 17, 2023, kwamba Azerbaijan ihakikishe wanaotaka kurudi wanaweza kurudi salama. Kurudi kwenyewe hakujatokea. Armenia ina mpango wa kuwapa wakimbizi ruzuku ya nyumba, na ruzuku ni kubwa zaidi ukikubali kukaa kijiji cha mpakani. Soma tena sentensi hiyo. Mtu aliyepoteza nyumba kwa sababu ya kukaa kwenye mstari, anaongezewa pesa akakae kwenye mstari mwingine. Naelewa serikali inahitaji watu mpakani. Bado nikiifikiria napata kizunguzungu. Agosti 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili waliweka herufi za awali kwenye mkataba wa amani huko Washington, mbele ya viongozi wao.

Sasa kwa wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao, nawapa nilichoandaa, mkibadilishe mtakavyo. Ni vipindi viwili. Cha kwanza hakina tarehe hata moja. Kila mwanafunzi anachora mtaa au kijiji chake kwenye karatasi: nyumba, kisima, shamba, makaburi, shule, njia ya sokoni. Dakika 20. Halafu unazikusanya, unachukua rula na kalamu nyekundu, unapiga mstari mmoja kila karatasi bila kuangalia umepita wapi na bila kumuuliza mwenyewe. Watalalamika, waache walalamike. Warudishie, na kila mmoja aorodheshe kilichobaki ng'ambo. Kipindi cha pili ndipo unaandika ubaoni 1921, 1988, 1994, 2020, 2023, na majina yote mawili ya kila mahali, moja kushoto jingine kulia, Soko Jekundu likae katikati.

Kazi ya nyumbani ni barua mbili za ukurasa mmoja mmoja. Ya kwanza inaandikwa na mkulima wa Taghavard aliye Armenia. Ya pili inaandikwa na mkulima wa Kiazeri anayerudi Zangilan baada ya karibu miaka 30 ya kuishi kwenye bweni. Kila mmoja anaiandikia serikali yake kuomba jambo moja tu, na lazima awe amesoma barua ya mwenzake kwanza. Zikusanywe Ijumaa.